SOMO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: KUPIMA HATARI YA KUAGIZA VIFAA VYA BAHARINI VYA BEI RAHISI KWA NJIA YA INTANETI

1. Madhumuni ya somo hili

Visiwa vyetu vimezungukwa na bahari, na ni shida kuipata familia ya Unguja au Pemba isiyokuwa na mtu anayepanda chombo kwa uvuvi, kwa biashara, kwa kazi ya Serikali au kwa kwenda kuwazuru jamaa. Zamani aliyetaka nanga, kamba au mashine ya kupachika alikwenda dukani, akakishika kifaa kwa mkono wake, akakigeuza, akauliza, kisha akalipa. Siku hizi wengi wetu huagiza kwa simu. Picha huonekana, bei huonekana, fedha hutumwa, na baada ya wiki kadhaa mzigo hufika. Jambo hili limewafungulia wananchi mlango ambao zamani ulikuwa wa wafanyabiashara wakubwa tu, na hapana sababu ya kulilaumu.

Hata hivyo, ununuzi wa namna hii ni sawa na ule ambao wazee wetu wanauita kununua mbuzi kwenye gunia. Madhumuni ya somo hili si kuwakataza wananchi kuagiza, bali ni kuwapa njia ya kupima: kifaa gani kinaweza kuagizwa bila ya wasiwasi, kifaa gani kinahitaji uthibitisho kabla ya fedha kutoka mkononi, na namna ya kukijaribu kifaa kikiwa bado ufukweni. Somo hili linawahusu wavuvi na manahodha, na vile vile watumishi wa idara ambazo zina boti, au ambazo hupeleka watu visiwani kwa kazi.

2. Kwa nini bahari si sawa na nchi kavu

Taa ya nyumbani ikiharibika, mtu huwasha mshumaa. Pampu ya baiskeli ikikataa, mtu huisukuma baiskeli yake kwa miguu. Baharini hapana pa kusukuma. Zaidi ya hayo, vifaa vya uokozi vina tabia ya peke yake: hukaa miaka bila ya kutumika, na huhitajika kwa saa moja tu. Jaketi okozi bovu na jaketi okozi zima hufanana sana yanapokuwa yametundikwa ndani ya boti. Tofauti yao huonekana siku ya maafa, na siku hiyo hapana nafasi ya kurejesha mali kwa muuzaji.

Wananchi hawajausahau usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya MV Spice Islander I ilipozama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Miongoni mwa walionusurika wapo walioelea kwa kushikilia magodoro yaliyokuwa yamepakiwa kama mizigo. Tunalitaja jambo hili kwa heshima ya marehemu, na kwa sababu moja tu: mtu aliyemo majini huokolewa na kitu kinachoelea kweli, si kitu chenye jina la kuelea.

3. Maswali matatu ya kupimia

Kabla ya kuagiza kifaa chochote cha baharini, jiulize maswali matatu haya, na usiruke hata moja.

(a) Kifaa hiki kikikataa kufanya kazi, nitapoteza nini? Jawabu huwa moja kati ya mawili: nitapoteza fedha, au nitapoteza roho ya mtu.

(b) Nitaujuaje ubovu wake kabla ya siku ya haja? Viko vifaa ambavyo ubovu wake huonekana siku ya kwanza, na viko ambavyo huuficha ubovu wao mpaka siku ya dhiki.

(c) Kikiwa kibovu, nani atanijibu? Mwenye duka la Malindi au Darajani ana mlango unaoweza kuugonga. Muuzaji aliye nchi ya mbali ana jina kwenye skrini, na pengine kesho jina hilo halipo.

Ndoo ya kuchotea maji, turubai, maboya ya kuzuilia boti isigongane na gati, na taa ya jua ya kuwekea bandani ni vitu ambavyo hasara yake ni ya fedha na ubovu wake hujulikana mapema. Hivi mwananchi anaweza kuviagiza kwa bei rahisi bila ya hofu kubwa. Jaketi okozi, redio ya mawasiliano, fataki za ishara ya dharura, kizimia moto, na pete za chuma zinazounganisha nanga na mnyororo wake ni vitu vya aina ya pili. Kwa hivi, bei haiwezi kuwa kipimo cha kwanza.

4. Jaketi okozi

Nguvu ya jaketi ya kumwelesha mtu hupimwa kwa nyutoni, na huandikwa kwa herufi N. Nyutoni 10 ni kama nguvu ya kuinua kilo moja. Katika viwango vya kimataifa vijulikanavyo kwa nambari ISO 12402, viko vipimo vinne ambavyo mnunuzi hana budi kuvijua. Jaketi la 50 N ni msaada kwa mtu ajuaye kuogelea na aliye karibu na ufukwe au karibu na wa kumwokoa. Halikuundwa kumgeuza mtu aliyezimia uso uelekee juu. La 100 N ni la maji yaliyokingika. La 150 N ni la bahari ya wazi. La 275 N ni la bahari nzito na kwa mtu aliyevaa nguo nzito au kubeba zana.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mara nyingi jaketi la bei ya chini kabisa linaloonekana kwenye picha si la kughushi. Ni la 50 N, limetengenezwa kwa halali kwa ajili ya watu wa kupiga makasia ziwani. Muuzaji hakusema uongo, na mnunuzi hakuuliza. Lakini maji ya ziwa tulivu si mkondo wa Pemba wakati wa kusi. Kila kifaa kiliundwa kwa maji yake, na ni wajibu wa mnunuzi kuuliza ni maji gani.

Aina ya pili ya hatari ni ughushi wenyewe. Mwezi wa Januari, 2016, polisi wa Uturuki waliivamia karakana moja mjini Izmir na kukamata majaketi 1,263 yaliyokuwa yakishonewa wakimbizi waliotaka kuvuka kwenda Ugiriki. Ndani yake mlijazwa vitu vya kufungashia mizigo, ambavyo hunyonya maji badala ya kuyakataa. Jaketi kama hilo humvuta aliyelivaa kwenda chini. Kwa nje rangi yake ilikuwa ni ile ile ya machungwa, na mikanda yake ni ile ile.

Alama zilizochapwa kwenye jaketi zina maana, lakini sharti zisomwe kamili. Jaketi la meli lililothibitishwa kwa sheria za Umoja wa Ulaya huwa na alama ya usukani, na pembeni yake nambari ya taasisi iliyolithibitisha. Jaketi la boti ndogo lenye alama ya CE nalo hutakiwa liwe na tarakimu nne za taasisi iliyolisimamia. Alama isiyofuatiwa na nambari yoyote haitoshi. Mwandikie muuzaji akutumie nakala ya cheti, kisha iulize taasisi iliyotajwa kwenye cheti hicho kama inakitambua. Muuzaji mkweli hachukii kuulizwa.

5. Jaribio la ufukweni

Jaketi la sponji likishafika, lijaribu kabla ya kulipeleka chomboni. Kwa jaketi la 100 N, chukua mawe ya mizani ya chuma yenye jumla ya kilo 11, yafunge imara kwenye mikanda ya jaketi, kisha vitie vyote pamoja kwenye maji ya bahari yenye kina, kwa kamba ya kuvutia. Chuma kikiwa majini hupungua uzito kiasi, hivyo kilo 11 hizo huvuta chini karibu sawa na nyutoni 93. Jaketi zima litaubeba mzigo huo. Likizama, basi nguvu iliyoandikwa juu yake si ya kweli.

Likielea, usilitoe haraka. Liache humo muda wa saa 24, ukihakikisha kwamba maji yakitoka halitakaa mchangani. Kanuni za kimataifa za vifaa vya uokozi melini zinataka jaketi lisipoteze zaidi ya asilimia 5 ya nguvu yake baada ya kuzamishwa saa 24. Sponji duni hunywa maji polepole, na usiku mmoja hulifichua ambalo dakika kumi haziwezi kulifichua. Baada ya hapo angalia mishono, vifungo na mikanda: uzi uliooza na kifungo kinachofunguka ni sababu tosha ya kulikataa.

Tunasisitiza kwamba jaribio hili linaweza kuonesha jaketi bovu, lakini haliwezi kuthibitisha kwamba jaketi ni zima kwa kila hali. Halioneshi kama litamgeuza aliyezimia, wala kama linamfaa mtoto. Jaketi la mtoto huchaguliwa kwa uzito wa mwili wake. Akivalishwa la mtu mzima, hupanda juu na yeye huteleza akatoka chini yake.

Majaketi yanayojazwa hewa kwa mtungi mdogo wa gesi hayajaribiwi kwa njia hii. Kila mtungi huandikwa uzito wake. Upime kwa mizani nyepesi kama ile ya sonara, na ukipungua, gesi imevuja. Aidha, yale yanayojifungua yenyewe hutumia kidonge kinachoyeyuka kwa maji. Katika hewa yetu yenye unyevunyevu, khasa wakati wa masika, kidonge hicho kinaweza kuharibika kabla ya wakati. Mwenye kuagiza jaketi la namna hii bila ya kujua atapata wapi mtungi na kidonge cha akiba amenunua nusu ya kifaa. Mitungi ya gesi huhesabiwa kuwa ni mizigo ya hatari katika ndege, na haisafirishwi kiholela.

6. Redio na vifaa vya kuitia msaada

Redio ndogo za mkononi zinazodai kushika masafa yote huuzwa kwa bei ya kuvutia sana. Nyingi kati ya hizo hazikuundwa kwa bahari: haziingii majini zikatoka salama, na hazina kitufe cha kutuma ishara ya dharura kwa njia ya dijitali. Redio ya baharini ya VHF yenye kitufe hicho hutuma ishara yake kwa chaneli ya 70, wakati chaneli ya 16 ndiyo ya kuitia kwa sauti. Ili ishara imtambulishe mwenye chombo, redio sharti itiwe nambari ya utambulisho ya tarakimu tisa. Kwa vyombo vya Tanzania nambari hiyo huanza na 674 au 677. Redio iliyotumika ughaibuni ikaletwa na nambari ya mwenyewe wa zamani itawatangazia waokozi jina la chombo kisichokuwapo.

Redio zilizotengenezwa kwa soko la Marekani nazo huwa na mpangilio wao wa chaneli, ambao baadhi yake hautofautiani na ule wa kimataifa kwa nambari bali kwa masafa. Watu wawili wanaweza kuwa kwenye chaneli ya nambari moja na wasisikilizane. Basi hakikisha redio inaweza kuwekwa kwenye mpangilio wa kimataifa. Kabla ya kuagiza redio yoyote, wasiliana na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kuhusu leseni na aina zinazokubalika, kwa sababu redio isiyokubalika inaweza kuzuiliwa bandarini na fedha zako zikapotea.

Maboya ya kuashiria maafa kwa satalaiti yanafanya kazi kwa masafa ya 406 MHz. Yale ya zamani ya 121.5 MHz hayasikilizwi tena na satalaiti tangu tarehe 1 Februari, 2009. Bado yapo yanayouzwa kama mali iliyotumika, na bei yake ni ndogo kwa sababu hiyo. Anayelinunua amenunua ganda. Hata lile la 406 MHz huwa na msimbo wa nchi ndani yake, nalo lisiposajiliwa kwa jina la chombo chako, taarifa itakwenda kwanza nchi nyingine, na kila dakika ya kuchelewa ni dakika ya mtu majini.

Fataki za ishara ya dharura ni baruti. Haziagizwi kwa posta kama nguo, na huwa na tarehe ya mwisho wa matumizi, ambayo kwa kawaida ni miaka mitatu au minne tangu kutengenezwa. Zinunuliwe kwa wauzaji wenye ruhusa, na tarehe isomwe kabla ya kulipa.

7. Vyuma na minyororo

Chuma kisichoshika kutu kina daraja zake. Daraja ya 304 hung'aa sana dukani, lakini katika maji ya chumvi yenye joto huliwa kwa ndani, khasa kwenye pembe na sehemu zilizobanana. Daraja ya 316 imeongezwa madini ya molibdenamu na hustahimili zaidi. Kwa macho hazitofautiani. Pete ya nanga isiyoandikwa daraja wala kiwango cha mzigo inachoweza kuuhimili isitumike kushikia chombo chenye watu. Iacheni ikatundikie turubai.

8. Hesabu ya kweli ya bei

Tuchukulie mfano. Ushirika wa wavuvi unahitaji majaketi 20. Dukani jaketi moja ni shilingi 45,000, jumla 900,000. Kwenye intaneti ni shilingi 12,000, jumla 240,000. Mhasibu wa ushirika anafurahi. Lakini usafirishaji ni 160,000, na ushuru pamoja na gharama za bandarini ni 110,000. Jumla imefika 510,000. Bado pana nafuu ya 390,000.

Majaketi yanafika, yanajaribiwa, na 5 yanazama. Ushirika unanunua 5 dukani kwa 225,000. Jumla ni 735,000, na nafuu imeshuka hadi 165,000. Kama yangezama 10, ushirika ungenunua 10 kwa 450,000. Jumla ingekuwa 960,000, na nafuu ingegeuka hasara ya 60,000.

Basi kuagiza kunaweza kuleta faida hata pale ambapo baadhi ya vifaa ni vibovu. Lakini hesabu yote hii inasimama juu ya sharti moja: ubovu uwe umegunduliwa ufukweni. Ushirika usiofanya jaribio utaandika kwenye daftari lake kwamba umeokoa 390,000, na daftari litakuwa sahihi mpaka siku chombo kitakapopinduka. Siku hiyo hapana safu ya kuandikia kilichopotea.

Wala isidhaniwe kwamba bei kubwa ni dhamana. Mali ya kughushi huuzwa pia kwa bei kubwa, na jaketi la dukani laweza kuwa limetoka kiwanda kimoja na lile la intaneti. Faida ya duka ni kwamba unaweza kukibonyeza kifaa, kukijaribu, na kumrejea muuzaji. Kwa hiyo jaribio la ufukweni linalihusu na jaketi la dukani.

9. Nasaha kwa watumishi wa Serikali

Mtumishi anayenunulia idara yake ananunua kwa fedha za umma na kwa ajili ya roho za watu wengine. Mwalimu anayevushwa kwenda skuli ya kisiwani na muuguzi anayepeleka chanjo hawakuchagua jaketi walilopewa, wamemwamini aliyelichagua. Kwa hivyo taratibu za ununuzi zifuatwe, na katika maelezo ya kifaa pasiandikwe tu “majaketi okozi 20”. Paandikwe nguvu kwa nyutoni, ukubwa wa mvaaji, kiwango, na sharti la cheti. Neno likiachwa wazi, mzabuni wa bei ya chini atalijaza atakavyo, na hatakuwa na kosa.

Mali ikifika, isipokelewe kwa kuhesabiwa tu. Angalau moja katika kila mzigo lijaribiwe, na matokeo yaandikwe kwenye daftari la bohari pamoja na tarehe. Penye shaka, waulizwe Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, yenye dhamana ya ukaguzi wa vyombo, na Taasisi ya Viwango Zanzibar. Vifaa vibovu visiuzwe wala visigawiwe. Vikatwe, ili visirudi baharini kwa mlango mwingine.

10. Mazoezi ya kujipima

Msomaji anaombwa afanye mambo matatu wiki hii.

(a) Atoe kila jaketi lililomo katika chombo chake au cha idara yake, na asome lebo. Je, nguvu yake imeandikwa? Je, ni ya maji anayosafiria?

(b) Achague moja lililo kuukuu kuliko yote, na alifanyie jaribio la saa 24.

(c) Aandike orodha ya vifaa anavyokusudia kuviagiza, na mbele ya kila kimoja aandike neno moja: FEDHA au ROHO.

Wahenga walisema, vyaelea vimeundwa. Aliyeunda chombo alikijua kila kipande cha ubao alichokipigilia. Nasi, tunaoagiza kutoka mbali vitu ambavyo hatukuona vikiundwa, tumebakiwa na kazi ya kuvichunguza kabla ya kuvikabidhi bahari. Kazi hiyo haigharimu ila mawe ya mizani, kamba, na usiku mmoja wa kungoja.